Msitu Ukifungwa, Chungu Hakifungwi

Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, Wakenya wanaoishi kandokando ya misitu ya serikali wamekuwa na haki ya kuunda vyama na kushiriki katika kuitunza. Sheria iliyoirithi, ya mwaka 2016, haikuiondoa haki hiyo. Nami siupingi mpango huu hata chembe. Swali langu ni moja: mzigo wa utunzaji huo huangukia kichwa cha nani?

Tuchukue mfano wa kuni. Kamati ya wanaume watupu inaweza kukutana ikakata shauri kwamba msitu ufungwe miezi kadhaa ili miche ipate kukua. Kwa msitu, shauri hilo ni jema. Lakini mahindi makavu na maharagwe huhitaji moto wa saa nyingi, na chungu hakingoji miche. Mama hana budi kwenda mbali zaidi, ama apikie mabua na samadi kavu, vitu ambavyo vingelisha ng'ombe na kurutubisha shamba. Akizidiwa, binti huitwa. Mwalimu anayeita majina asubuhi huandika tu kwamba hayupo. Sababu haina nafasi katika daftari.

Yamkini tatizo li katika neno lenyewe "jamii", tunalolitamka kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja na mgongo mmoja. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba mali ya pamoja hudumu pale wanaoitumia wanaposhiriki kutunga kanuni zake. Basi mtumiaji wa kuni ni nani, kama si yule azibebaye? Bina Agarwal, mwanauchumi wa India, alichunguza misitu ya jamii nchini Nepal na katika jimbo la Gujarat. Katika kitabu chake cha mwaka 2010 alieleza kwamba palipokuwa na wanawake wengi zaidi kamatini, hali ya msitu ilikuwa bora zaidi. Wanaodhani kwamba wanawake wakipewa sauti wataumaliza msitu kwa panga na wautafakari utafiti huo.

Katiba yetu ya 2010 inaagiza, katika Kifungu cha 27, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Hata hivyo, kiti pekee hakitoshi, hasa mkutano unapoitishwa saa ambayo wanawake wako mtoni wakiteka maji. (Nani huipanga saa hiyo?)

Walimu wa Jiografia wanaweza kuanza mara moja. Wanafunzi waandike, kwa juma zima, ni nani nyumbani aliyekwenda kuokota kuni, alitoka saa ngapi na akarudi saa ngapi. Jumla hiyo impate katibu wa chama cha msitu kabla kamati haijapiga kura ya kufunga.