Wastani wa mvua haujazi gunia

MFANYABIASHARA wa nafaka anayekopa fedha benki ili anunue mahindi huuliza kwanza bei ya gunia. Swali la pili wengi hulisahau: kule yanakotoka mahindi hayo, ukame huja mara ngapi, na ukija huacha nini shambani?

Wanaokumbuka kuuliza huridhika wakitajiwa wastani wa mvua. Wastani pekee hautoshi.

Tuchukue miji miwili ya Tanzania. Bukoba, kando ya Ziwa Victoria, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Dodoma hupata kama milimita 570, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Tuseme mvua imepungua kwa asilimia 30 kote kuwili. Bukoba itabaki na milimita 1,400. Dodoma itabaki na 400 tu, wakati mahindi huhitaji kati ya 500 na 800 ili yazae vizuri. Upungufu ni ule ule, hasara ni tofauti kabisa. Ndiyo sababu mtama na uwele havijaachwa mashambani Dodoma.

Mwaka 1993 wataalamu watatu wa Marekani, McKee, Doesken na Kleist, walitoa kipimo kinachojulikana kwa herufi SPI, ambacho sasa kinapendekezwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kipimo hicho hulinganisha mvua ya msimu na historia ya mahali hapo hapo. Sifuri ni hali ya kawaida. Alama ya hasi moja au chini zaidi hutokea kama miaka 16 katika kila 100. Hasi mbili au chini zaidi, kama miaka miwili tu.

Faida yake ni kwamba sehemu kavu na sehemu ya mvua nyingi hupimwa kwa mizani moja. Lakini mnunuzi awe mwangalifu: mizani hiyo husema ukame huo ni wa nadra kiasi gani, haisemi umekula magunia mangapi. Hasi moja ya Bukoba na hasi moja ya Dodoma hazina bei moja sokoni.

Sasa tuingie kwenye mkopo. Tuseme eneo lako hukosa mvua ya kutosha mwaka mmoja kati ya mitano. Wengi husikia hivyo na kudhani wana miaka minne ya salama. Sivyo. Katika mkopo wa miaka mitatu, uwezekano wa kukutana na ukame angalau mara moja ni asilimia 49. Ukiwa wa miaka mitano, ni asilimia 67.

Hesabu hiyo nayo huchukulia kwamba kila mwaka unajitegemea, na mvua haina desturi hiyo. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa mibaya katika sehemu kubwa za Kenya, Somalia na Ethiopia. Kama kila msimu ungejitegemea, kwa kiwango kile cha mmoja kati ya mitano, jambo hilo lingetokea mara moja katika 3,125. Lilitokea kwa sababu hali ya La Niña, ambayo hupunguza mvua za vuli upande wetu, ilijirudia miaka mitatu.

Lakini hali hizo haziumizi kote kwa pamoja. El Niño ilipofuata, vuli ya 2023 ilileta mafuriko Kenya na Somalia. Miezi michache baadaye, mwaka 2024, Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mahindi yakawa adimu huko.

Funzo kwa mwenye mtaji mdogo ni kwamba kununua katika vijiji viwili vya wilaya moja si kugawa hatari. Nunua katika maeneo ambayo mvua zake hazifuati msimu mmoja. Kabla ya kutia saini mkopo, tafuta kumbukumbu za mvua za miaka 30 za kituo kilicho karibu, kisha hesabu miaka mibaya na uangalie kama ilifuatana. Halafu jiulize kama marejesho yako yanaweza kuvumilia miwili mfululizo. Kama hayawezi, mkopo huo ni mkubwa mno kwako.