Kubadili Rejeta ya Motokaa ya Kale

Ndani ya kila injini ya motokaa mna moto. Petroli huchanganyika na hewa, huwaka ndani ya silinda, na nguvu ya mwako huo husukuma pistoni zinazoyageuza magurudumu. Walakini katika injini za zamani si zaidi ya robo ya joto la petroli iliyogeuka kuwa kazi. Joto lililosalia hutoka pamoja na moshi, au huingia katika chuma cha injini. Joto hilo lisipoondolewa, mafuta ya kulainisha huungua, pistoni huvimba na kukwama, na mwisho chuma chenyewe hupasuka. Ndiyo sababu injini huzungukwa na maji, na maji hayo hupelekwa mbele ya motokaa yakapoe katika chombo kiitwacho rejeta.

Mfano mzuri wa jambo hili ni motokaa iitwayo Ford Model T. Ilianza kuundwa katika mji wa Detroit, Marekani, mwaka 1908. Hapo mwanzo motokaa ya namna hiyo yenye nafasi ya watu watano iliuzwa dola 850. Mwaka 1913 kiwanda kilianza kuziunda juu ya mkanda unaosogea, kila mfanyakazi akitia kipande chake tu, na bei ikazidi kushuka. Mwaka 1925 ile ndogo ya watu wawili iliuzwa dola 260. Kazi ya kuziunda ilikoma mwaka 1927, zikiwa zimekwisha kupita milioni 15. Wanunuzi wengi walikuwa wakulima waliokaa mbali na mafundi, kwa hiyo motokaa hii iliundwa ili mwenyewe aweze kuitengeneza nyumbani kwa spana chache. Nyingi zingali zinakwenda hata leo, zikitunzwa na watu wapendao vitu vya kale, na katika kazi wazifanyazo uani kwao mojawapo ni kubadili rejeta. Si kazi ngumu. Lakini afanyaye bila kujua njia ya maji huweza kuiharibu injini iliyodumu miaka mia.

Motokaa 2,500 hivi za kwanza za Model T zilikuwa na pampu ya kusukuma maji. Baadaye pampu ikaondolewa, maji yakaachwa yajiendeshe yenyewe. Jambo hili laonekana kuwa la ajabu, lakini kila mpishi amekwisha kuliona. Sufuria ikitelekwa motoni, maji ya chini hupata moto kwanza. Yakipata moto hutanuka, yakawa mepesi kuliko yaliyo baridi, nayo hupanda. Yale baridi, kwa kuwa ni mazito, hushuka na kushika mahali pake. Punje za mchele zilizomo huonekana zikipanda na kushuka, ingawa hapana mkono unaozikoroga.

Katika Model T mambo huwa yayo hayo. Maji yaliyopata moto kuzunguka silinda hupanda mpaka kichwa cha injini, hupita katika bomba la juu, na kuingia katika tangi la juu la rejeta. Kutoka hapo huteremka ndani ya vibomba vingi vyembamba vilivyosimama wima. Vibomba hivyo vimepenya katika mabamba membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na mabamba hayo hupokea joto la vibomba na kulitoa katika upepo. Nyuma ya rejeta liko feni linalovuta hewa ipite katikati yake. Maji yakipoa huwa mazito, hushuka katika tangi la chini, kisha hupita katika bomba la chini na kurudi ubavuni mwa injini. Injini inapozidi kupata moto, maji nayo huzidi kwenda mbio.

Basi ziko sharti mbili. Ya kwanza, maji lazima yafike juu ya mdomo wa bomba la juu. Yakipungua chini ya hapo, mviringo wa maji umekatika, na maji yaliyobaki katika injini huchemka ingawa rejeta haijawa tupu. Ya pili, njia lazima iwe wazi, kwa sababu nguvu ya maji moto kupanda ni ndogo. Uchafu ambao pampu ingeushinda waweza kuyasimamisha maji hayo kabisa.

Rejeta huugua kwa namna nyingi. Maji yenye chumvi ya mawe huacha magamba ndani ya vibomba, kama yale yaonekanayo ndani ya birika la zamani. Kutu ya injini hushuka kama matope na kuziba. Katika nchi za baridi maji yakiachwa usiku huganda, na maji yakigeuka barafu huzidi ukubwa kwa karibu sehemu moja katika kumi na moja. Hapana kibomba chembamba kiwezacho kuzuia nguvu hiyo, hivyo hupasuka. Tena watu wa zamani walipoona tundu dogo walizoea kutia unga ndani ya maji ili lizibe. Tundu liliziba kweli, na vibomba vilivyokuwa vizima vikaziba pamoja nalo.

Lakini uko ugonjwa mmoja unaowadanganya wengi. Vibomba vimeshikamanishwa na mabamba kwa lehemu. Baada ya miaka mingi ya kutikisika na kupata kutu, lehemu hiyo huachia. Rejeta haivuji, maji yapita vizuri, kwa macho yaonekana nzima. Ila joto haliwezi tena kuvuka kutoka kibomba hata bamba. Mwenye motokaa huiosha mara ya kwanza na ya pili, hununua pampu na kuitia, na bado maji yachemka. Rejeta ya namna hiyo haina dawa ila kubadiliwa, na kwa bahati njema rejeta mpya za Model T zimeendelea kutengenezwa hata katika karne hii ya 21.

Dalili zake hutambulika kwa mkono. Injini ikiisha kupata moto sawasawa huzimwa, na rejeta hupapaswa kwa uangalifu kwa upande wa mbele. Mahali penye ubaridi kati ya mahali penye moto ni mahali palipoziba. Kama tangi la chini ni la moto sawa na tangi la juu, maji yapita lakini hayapoi. Kama la juu lachemka na la chini ni baridi kabisa, maji hayapiti. Kabla ya kuilaumu rejeta, fundi mwenye busara huutazama pia wenzo wa cheche ulio chini ya usukani, maana cheche ikichelewa kuwaka injini hupata moto kupita kiasi, ijapokuwa rejeta ni mpya.

Kazi yenyewe huanza injini ikiwa imepoa kabisa. Maji huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi ufukoni mwa bahari, na chini ya hapo katika miji ya milimani; katika Denver, Marekani, au Nairobi, miji iliyo juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,600, huchemka kwa digrii 95 hivi. Kwa vyovyote ngozi huungua mara moja. Hivyo kifuniko cha rejeta hakifunguliwi penye mvuke. Baada ya kupoa, chombo huwekwa chini, bilula iliyo chini ya rejeta hufunguliwa, na maji yote hutoka. Kama ndani ya maji mna dawa ya kuzuia yasigande, hayamwagwi ovyo, kwa maana dawa hiyo mara nyingi ni sumu yenye ladha tamu, na mbwa wakiilamba hufa.

Kisha boneti, iliyolala juu ya rejeta, huondolewa na kuwekwa mbali isije ikakunjwa. Iko fimbo ya chuma itokayo juu ya rejeta mpaka kwenye ukuta mdogo ulio kati ya injini na dereva; kazi yake ni kuishika rejeta isiyumbe. Fimbo hiyo hufunguliwa. Bolti mbili za bomba la juu hutolewa katika kichwa cha injini, na pete zinazokaza mpira wa bomba la chini hulegezwa. Kama pana nyaya zilizofungwa katika rejeta, nazo hufunguliwa. Mwisho, chini kwa kulia na kushoto, pini hutolewa na nati mbili zinazoishika rejeta juu ya chasisi hufunguliwa. Hapo fundi huangalia sana mpango wa springi na vipande vya kukalia, hata akauchora katika karatasi, ili avirudishe kila kimoja mahali pake. Watu wawili huinua rejeta wima, polepole, wasiigonge feni.

Hapo wengi huharakisha, nao hujuta. Hutia rejeta mpya juu ya injini chafu, na baada ya safari chache matope yaliyokuwa ndani ya injini yamehamia katika vibomba vipya. Yafaa kwanza maji safi yapitishwe ndani ya injini kwa mpira wa bustani, mpaka yatoke meupe bila kutu. Mipira ya zamani nayo hutupwa. Kwa nje mpira huweza kuonekana mzima, kumbe kwa ndani tabaka yake imeachana na kuning'inia kama ulimi, ikiziba njia. Gharama ya mpira mpya ni ndogo. Gharama ya silinda iliyopasuka ni kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Rejeta mpya hulinganishwa na ile ya zamani kabla ya kuinuliwa, kwa maana Model T za miaka mbalimbali hazina rejeta za kimo kimoja. Ikionekana kuwa sawa, hutiwa mahali pake, na springi zake hurudishwa kama zilivyokuwa. Nati hukazwa kiasi cha kuishika tu, kisha pini hutiwa zisilegee. Akazaye kwa nguvu zake zote akidhani ndiyo imara hukosea. Chasisi ya motokaa hii ni nyembamba, nayo hujipinda katika barabara mbaya. Springi zimewekwa makusudi ili chasisi ijipinde na rejeta isijipinde pamoja nayo. Rejeta iliyofungwa kama jiwe katika ukuta hufunguka mishono yake.

Nyuso za bomba la juu na za kichwa cha injini husafishwa, gasketi mpya huwekwa katikati, na bolti zake hukazwa zamu kwa zamu. Baada ya hayo fimbo ya juu hurudishwa, na urefu wake ndio uamuao kama rejeta itasimama wima au italala nyuma. Ikilala nyuma mno, panga za feni zitaikata siku ile ile. Kwa hiyo swichi huzimwa kabisa, na injini huzungushwa polepole kwa hendeli, huku mtu wa pili akitazama kila upanga wa feni upitapo. Hata hapo hendeli huvutwa juu kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine. Kwa kuwa injini ikijiwasha ghafula na kurudi nyuma, hendeli huvunja kifundo cha mkono wa aliyeishika vibaya.

Sasa bilula hufungwa na maji hutiwa, polepole ili hewa ipate kutoka. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima, maana hayaachi magamba. Na penye baridi ya kugandisha huchanganywa na dawa yake. Yakiisha kufika juu ya mdomo wa bomba la juu, fundi huzunguka akitazama kila kiungo kwa taa. Kisha injini huwashwa. Kwa muda hapana lionekanalo, kwa sababu maji hayaanzi kwenda mpaka yapate moto. Baadaye tangi la juu hupata moto, kisha vibomba kutoka juu kwenda chini, na tangi la chini hubaki na moto mdogo kuliko la juu. Tofauti hiyo kati ya juu na chini ndiyo ushuhuda kwamba kazi imefaulu: joto lililoingia juu limetoka katika upepo kabla ya maji kufika chini.

Hata baada ya hayo maji hutazamwa kila safari, na kama yamepungua, huongezwa. Yakionekana kuwa yamepungua sana na injini ni ya moto, motokaa husimamishwa ingojewe ipoe. Maji baridi yakimwagwa juu ya chuma cha moto, upande mmoja hunywea na upande wa pili haujanywea bado, na chuma cha kusubu hupasuka kama chungu kilichotolewa jikoni na kutiwa mtoni. Nusu saa ya kungoja kivulini si kitu, ikilinganishwa na injini ambayo haitapata nyingine ya kuifuata. Motokaa hizi zimedumu kupita wote waliozinunua mpya, na zilizodumu ndizo zilizopata watunzaji wenye subira ya kufuata njia ya maji tangu mwanzo hata mwisho.