Gari inatetemeka ukiondoka? Pima kwanza, hela baadaye

Wenzangu mnaopelekea wateja mizigo kwa gari, hii ni yenu. Yangu ilikuwa inatetemeka kila nikiondoka. Nikaambiwa plagi, nikanunua 4 mpya. Wapi! Faida ya wiki imeenda, mtetemo uko palepale. Kumbe ni mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini.

Kabla hujanunua kifaa, jaribu hivi:

1. Gari ya otomatiki: vuta hendibreki, kanyaga breki, weka D, kisha N. Inatetemeka D, inatulia N? Anza na mauntingi.

2. Inatetemeka hata kwenye N? Hapo ndo ukague plagi na koili. Taa ya injini ikiwaka na kuzima, usiendelee na safari.

3. Gia za mkono: inatetemeka pale unapoachia klachi tu? Fundi aangalie sahani ya klachi na mauntingi.

4. Kata usukani hadi mwisho, ondoka taratibu. Ukisikia "tak tak tak", ni jointi za tairi za mbele.

Ukifika gereji usiseme tu "inatetemeka". Sema inatetemeka lini. Fundi akibahatisha, anabahatisha na mtaji wako.