Chaneli ya 6 Imejaa

Jumamosi iliyopita, jirani yangu wa ghorofa ya tatu hapa Upanga aliniita akiwa ameshakata tamaa. Alama ya waifai imejaa, lakini mjukuu wake akiingia kwenye somo la mtandaoni, picha inaganda na sauti inakatika. Fundi aliyemuunganishia alimshauri anunue kifurushi kikubwa zaidi. Akanunua. Hali ikawa ileile.

Nilifungua kwenye simu programu ya kupima mawimbi. Pale sebuleni palikuwa na mitandao 19, na 11 kati yake imejazana kwenye chaneli ya 6. Kifurushi hakikuwa na kosa lolote. Msongamano ulikuwa hewani.

Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli 13 hapa kwetu, ila zimepandana. Kutoka moja hadi inayofuata ni megahezi 5 tu, ilhali ruta moja hutumia takriban 20. Ndiyo maana tunabaki na tatu zisizogusana: 1, 6 na 11. Ruta zilizo kwenye chaneli moja angalau husikilizana na kupeana zamu. Anayejibanza kwenye ya 3, akidhani amepata upenyo, hupigiwa kelele kutoka pande zote mbili, naye huwapigia wenzake.

"Kwani tusiiongeze nguvu tu, mwanangu?"

"Hapana, mama. Tutaipunguza."

Wengi hukosea hapo, hata mafundi. Ruta ikipaza sauti, simu iliyo chumba cha mwisho itaisikia vizuri na alama itajaa. Lakini simu ina antena ndogo na betri ya kutunza, na jibu lake halifiki. Ruta inapiga kelele kwa mtu isiyeweza kumsikia.

Tukaihamishia chaneli ya 1, tukapunguza upana kutoka megahezi 40 hadi 20, na nguvu tukaishusha hadi ya kati. Kompyuta ya mjukuu tukaiunganisha na gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi na kuta za zege huzuia mawimbi ya majirani. Huzuia na ya kwako pia, hivyo ruta tukaitoa nyuma ya televisheni, tukaiweka juu ya kabati la ukumbini.

Somo la Jumatatu lilifika mwisho bila kukatika.

Jengo letu lina kundi la WhatsApp la kuchangia maji na ulinzi. Majirani, wiki hii naomba tuongeze ajenda moja: nani achukue 1, nani 6, nani 11.