Je, Wajua? Sayari hujulikana kwa mwanga inaoukinga

Enaiposha haijawahi kupigwa picha, lakini ipo. Sayari hii, ambayo jina lake la Kimaasai lilipendekezwa na Wakenya, iligunduliwa mwaka 2009 kwa darubini za kioo cha sentimita 40 tu huko Arizona, Marekani. Kilichopimwa ni mwanga wa nyota yake, Orkaria. Kila baada ya saa 38 hivi mwanga huo hupungua kwa asilimia 1 na kidogo, kisha hurudi ulivyokuwa. Kuna kitu kimekatiza mbele yake.

Mtu atauliza: je, si madoa ya nyota yenyewe? Swali la haki kabisa. Lakini madoa huja na kubadilika. Hayashiki saa namna hiyo. Na kama ni nyota mbili zinazokingana? Hapo huja kipimo cha pili. Sayari huivuta nyota yake, nayo huyumba. Ikitujia, mwanga wake husogea upande wa bluu. Ikituacha, upande wa nyekundu. Kiasi cha kuyumba hufichua uzito wa kinachoivuta. Tanzanite, inayoizunguka nyota Mpingo kwa siku 3 hivi, ilithibitishwa vivyo hivyo.

Kukatiza kama huko kutaonekana hata kwa nyota yetu wenyewe: tarehe 13 Novemba 2032 sayari ya Utaridi itakatiza mbele ya Jua. Huko Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, mawingu ya mvua yakiruhusu, itaonekana kuanzia karibu saa tatu kasorobo asubuhi, kwa zaidi ya saa 4: nukta nyeusi, ndogo mno. Usitazame kwa macho matupu. Darubini ielekezwe iangushe taswira ya Jua kwenye karatasi nyeupe.