Nani Anayemsemea Mkulima?

Wapo wanaoamini kwamba lahaja ya mashambani inafaa kuchekesha tu, wala haina nafasi katika sanaa yenye hadhi. Ningependa kuwaalika walimu na wanafunzi waipime imani hiyo kwa utungo mmoja wa Johann Sebastian Bach, bingwa wa muziki wa Ujerumani aliyefariki mwaka wa 1750.

Tarehe 30 Agosti 1742, kijijini Klein-Zschocher karibu na mji wa Leipzig, Carl Heinrich von Dieskau alisherehekea kushika umilikaji wa mashamba ya eneo hilo. Kwa shughuli hiyo Bach alitunga kantata, yaani utungo wa kuimbwa wenye sehemu kadhaa, ijulikanayo kama Kantata ya Wakulima. Sehemu zake ni 24, na waimbaji ni wawili tu, mwanamke na mwanamume wa kijijini. Wanaanza kwa lahaja ya Saksonia, wanataniana, wanamsifu bwana wao mpya, kisha wanaelekea kilabuni.

Naam, ni kichekesho. Hata hivyo, katikati ya vicheko hivyo wakulima wanashukuru kwamba kijiji chao kilisalimika vijana walipokuwa wakiandikishwa jeshini. Aidha, wanamsihi mtoza kodi awahurumie maskini. Je, ni nani aliyewatungia maneno hayo? Ni mshairi Christian Friedrich Henrici, maarufu kwa jina la Picander. Picander alikuwa afisa wa kodi, na Dieskau alikuwa mkubwa wake kazini! Kilio cha mkulima kilipitia kinywani mwa mtoza kodi, kikamfikia bwana kikiwa kimetiwa asali.

Muziki wenyewe unatenda haki zaidi. Mwanamke anaimba wimbo laini, filimbi ikimsindikiza. Mwenzake anaukataa kwa kuwa una mtindo wa watu wa mjini, naye anaimba wa kijijini, baragumu ikilia. Bach hakuzidunisha ngoma za mashambani. Alizipanga kwa ustadi ule ule alioutumia kanisani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoibeza lahaja. Hakuna lahaja inayozaliwa na kasoro. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita, na hadi leo tunamwita malenga. Kinachoigeuza lahaja kuwa mzaha ni nia ya anayeiazima, pamoja na uwezo alio nao juu ya wenye lahaja hiyo.

Katika michezo ya kuigiza ya shule zetu, ni mara ngapi mkulima huletwa jukwaani ili matamshi yake yachekwe, kisha akaondolewa kabla hajasema neno la maana? Mwalimu anayeuongoza mchezo kama huo na amuulize mwanafunzi wake swali moja: mkulima huyu angekuwa ameketi hapa ukumbini, angecheka pamoja nasi, au angeinamisha kichwa?