Mtu Mmoja, Mistari Miwili

Leo twatazama orodha ya wanachama iliyoandikwa katika lahajedwali la Excel, ambamo mtu mmoja ameingia mara mbili. Katibu wa ushirika akigawa mbolea kwa orodha hiyo, mmoja atapata mifuko ya watu wawili na mwingine atarudi mikono mitupu.

Haya, Bwana Katibu. Ikiwa nambari za vitambulisho zimo katika safu ya B, andika kwenye C2 hivi: =COUNTIF(B:B,B2). Kisha iburute mpaka chini. Penye 1 hapana shaka. Penye 2, nambari imerudiwa.

Lakini angalia sana! Nambari ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, na Excel hushika 15 tu katika hesabu zake. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, na tano zifuatazo ni za mahali. Basi wawili waliozaliwa siku moja, wa mahali pamoja, huweza kuhesabiwa kuwa mtu mmoja, hata ukiwa umeziandika kama maneno. Dawa yake ni kuandika nambari pamoja na vistari vyake.

Majina nayo yana hila. Nafasi tupu ikibaki nyuma ya “Asha Juma”, mashine huona mtu mwingine. TRIM huiondoa. Hata hivyo usifute mstari upesi: nenda kwanza ukaulize, maana kijijini huenda wakawapo akina Asha Juma wawili, kila mmoja na shamba lake.